Kumwondoa paka makucha: kinachokatwa ni mfupa

Mtu akisikia paka "ameondolewa makucha", picha inayomjia kichwani ni ya kucha zilizokatwa fupi kupita kawaida, au zilizong'olewa zisiote tena. Sehemu kubwa ya ubishi kuhusu upasuaji huu imejengwa juu ya picha hiyo, na picha hiyo si sahihi. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa. Chembe zinazoutengeneza zimeshikamana na pingili ya mwisho ya kidole kama gome lilivyoshikamana na mti, na hakuna njia ya kuzimaliza ukaiacha pingili salama. Kwa hiyo daktari huikata pingili yote. Paka aliyefanyiwa miguu ya mbele amekatwa vidole 10 kwenye kiungo cha mwisho. Aliyefanyiwa miguu yote minne amekatwa 18.

Ukitaka kulinganisha na mkono wako, tazama kiungo kilicho karibu kabisa na ukucha, kile kinachokunja ncha ya kidole. Hapo ndipo kisu kinapopita.

Ukishalijua hilo, hoja nyingi zinazotolewa pande zote mbili hubadilika uzito. Chache zinabaki ngumu kweli, na hizo zinastahili kujibiwa kwa utulivu.

Kidole cha paka kinavyofanya kazi

Mpakate paka mtulivu, shika kidole kimoja cha mguu wa mbele, dole gumba lako likiwa juu na kidole cha shahada chini, kwenye kitakia, ile nyama laini anayokanyagia. Bonyeza polepole. Ukucha utachomoza. Achia, utarudi ndani. Ulichokiona ni pingili ya mwisho ikiinama na kuinuka tena. Paka akiwa amepumzika, ligamenti, yaani nyuzi zinazounganisha mifupa, zinazovutika kama mpira huivuta pingili hiyo juu na nyuma, ukucha ukafichika bila yeye kutumia nguvu yoyote. Akitaka kuutoa, misuli ya mguu huvuta kano ndefu inayopita chini ya kidole na kujishikiza kwenye kinundu kidogo cha mfupa upande wa chini wa pingili. Kano ikivutwa, pingili huinama na ukucha hutoka. Kano hii na kinundu chake tutavirudia, kwa sababu ndivyo vinavyoleta matatizo mengi baada ya upasuaji.

Paka hutembea kwa vidole, si kwa unyayo mzima kama sisi. Uzito wa mwili unaangukia kwenye vitakia, na mpangilio wa mifupa, kano na vitakia umepimana kwa namna ambayo ukiondoa kipande kimoja, vingine haviwezi kubaki mahali pake. Pingili ikishaondoka, kano iliyokuwa imejishikiza hapo hukosa mwisho wake na kurudi nyuma. Kitakia nacho huweza kusogea, na ncha ya pingili ya pili, ambayo haikuumbwa kugusa ardhi, ikaanza kubeba uzito. Paka mwenyewe hana la kufanya ila kubadilisha mwendo. Hurudisha uzito kwenye miguu ya nyuma, na mzigo huo hupanda mpaka mgongoni.

Halafu kuna kukwaruza kwenyewe. Wengi husema paka ananoa makucha, na neno hilo linakaribia ukweli bila kuufikia. Ukucha wa paka huota kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu. Akikwaruza, ganda la nje lililochakaa hubanduka na kuacha lililo kali chini yake. Ndiyo maana chini ya sofa lililokwaruzwa huokotwa vijiganda vyembamba vilivyopinda, na watu huogopa wakidhani ukucha umeng'oka. Kukwaruza pia hunyoosha misuli ya mabega na mgongo. Tena kuna alama: mistari inayoonekana kwa macho, na harufu inayotoka kwenye tezi zilizo kati ya vidole. Paka hukwaruza zaidi mahali panapopitika na panapoonekana, na sofa la sebuleni limekaa hasa hapo. Kumwadhibu kwa hilo hakumfundishi chochote zaidi ya kukuogopa wewe, kwa sababu haja ya kukwaruza inabaki palepale.

Njia tatu za kukata

Upasuaji huanza kwa nusukaputi. Daktari makini huongeza ganzi kuzunguka kifundo cha mguu wa mbele, ili mishipa ya fahamu ya vidole ibaki imelala hata paka atakapozinduka. Kisha mpira wa kuzuia damu hufungwa mguuni. Hapo tu pana hatari ya kwanza: mpira ukifungwa juu ya kiwiko, au ukiachwa kwa muda mrefu, hubana mshipa wa fahamu, na paka akaamka akiburura mguu.

Njia ya zamani hutumia kikatio cha kucha chenye tundu, ambacho wembe wake huteleza na kukata kilichoingia ndani yake. Ni ya haraka, na haraka hiyo ndiyo udhaifu wake. Wembe ukikaa vibaya kwa milimita chache, unapita katikati ya pingili badala ya kwenye kiungo. Kipande kinachobaki mara nyingi ni kile kinundu cha chini chenye kano. Kano inaendelea kukivuta, nacho kinasukumana na kitakia kila paka anapokanyaga. Kikibaki kipande cha juu, chenye chembe zinazotengeneza ukucha, ukucha huota upya ndani ya nyama, umepinda, hauna pa kutokea, na jipu huweza kuibuka miezi au hata miaka baadaye. Wembe ukielekea upande mwingine, unakata kitakia.

Njia ya pili ni ya kisu. Daktari hukata ligamenti na kano moja moja kwa wembe mdogo uliopinda, akaitoa pingili yote kutoka kwenye kiungo. Vipande hubaki kwa nadra zaidi, lakini kazi ni ndefu na inahitaji mkono uliozoea.

Ya tatu ni leza ya kaboni dioksidi. Matangazo yake husisitiza kwamba damu ni kidogo na maumivu ya siku za mwanzo hupungua, na hilo kwa kiasi fulani ni kweli, kwa sababu leza huziba mishipa midogo inapopita. Mkono usiozoea huweza kuunguza nyama na mfupa wa pembeni. Lakini hata ikifanywa kwa ustadi, pingili iliyoondoka ni ileile na mguu uliobaki ni uleule. Mtu anayeambiwa kwamba leza imeufanya upasuaji huu kuwa "wa kisasa na usio na madhara" anaelezwa habari za siku tatu za kwanza, wakati paka ataishi na miguu hiyo miaka 15.

Vidonda hufungwa kwa nyuzi au gundi ya upasuaji, miguu hufungwa bendeji inayotolewa kabla ya paka kurudi nyumbani, na kwa siku 10 hivi mchanga wa kawaida wa chooni hubadilishwa kwa vipande vya karatasi, maana chembe za mchanga huingia kwenye vidonda. Yanayoharibika katika kipindi hiki yanajulikana vizuri: kutoka damu, vidonda kufumuka, usaha, kuchechemea. Paka wadogo hupona haraka kuliko wazito na wenye umri, na hilo limewafanya madaktari wengi wa zamani waamini kwamba ukimfanyia mapema hakuna tatizo. Jeraha la mtoto wa paka hufunga upesi, ndiyo. Mwendo uliobadilika unabaki naye.

Kuna na upasuaji unaouzwa kama mbadala wa huruma: kukata kano badala ya mfupa. Kipande kifupi cha ile kano ya chini huondolewa kwenye kila kidole, ukucha ukabaki lakini paka hawezi kuuchomoza. Matokeo yake ni kwamba ukucha unaendelea kuota huku mwenyewe hawezi kuubandua kwa kukwaruza. Unanenepa, unapinda, na usipokatwa kila wiki moja au mbili unajichoma kwenye kitakia. Kiungo nacho huweza kukakamaa kwa kukosa kukunjwa. Mwenye paka aliyekimbia kazi ya kukata kucha anajikuta na kazi hiyohiyo mara mbili, kwa maisha yote ya mnyama. Chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani (AVMA) hakiupendekezi upasuaji huu.

Maumivu: kilichopimwa na kisichopimika

Kwa miaka mingi upande uliotetea upasuaji uliegemea tafiti zilizowauliza wenye paka kama wameridhika. Wengi waliridhika. Jibu hilo halishangazi: sofa lilikuwa zima. Swali ambalo halikuulizwa ni paka mwenyewe anajisikiaje, na paka ni mnyama anayeficha maumivu. Hapigi kelele. Anaacha kuruka juu ya kabati, analala zaidi, anakunja miguu ya mbele chini ya kifua, anakataa kushikwa mgongo. Mwenyewe anasema, "Siku hizi ametulia."

Utafiti uliobadilisha mazungumzo ulichapishwa 2018 katika jarida la tiba na upasuaji wa paka, na timu iliyoongozwa na Nicole Martell-Moran. Walilinganisha paka 137 walioondolewa makucha na paka 137 wenye makucha, wakawapima mwili, wakasoma rekodi zao na kuwapiga picha za eksirei. Katika walioondolewa makucha, 63% walikuwa na mabaki ya pingili ndani ya vidole. Hii ndiyo takwimu ninayoiona nzito kuliko zote, kwa sababu haitegemei maoni ya mtu. Mfupa ama upo kwenye picha ama haupo, na kwa zaidi ya nusu ya paka hao upasuaji haukufanyika hata kwa kiwango chake wenyewe.

Upande wa maumivu na tabia, uwezekano wa maumivu ya mgongo ulikuwa mara 2.9 ukilinganisha na wenye makucha, wa kujilamba hadi manyoya yatoke mara 3.06, wa kung'ata mara 4.5, na wa kukojoa nje ya sanduku la mchanga anamojisaidia mara 7.2. Tahadhari mbili kwa anayezinukuu. Kwanza, huu ni uwiano wa uwezekano, kipimo ambacho tatizo likiwa la kawaida huonekana kikubwa kuliko tofauti halisi ya hatari, kwa hiyo "mara 7.2" haimaanishi kwamba katika kila kundi utahesabu paka saba kwa mmoja. Pili, utafiti ulitazama nyuma, haukugawa paka kwa bahati nasibu, na hakuna mtu mwenye dhamira njema atakayeufanya kwa namna hiyo. Hata hivyo mwelekeo wake unaeleweka ukiutazama pamoja na anatomia. Waliobakiwa na vipande vya mfupa walikuwa na hali mbaya zaidi, na hata waliokatwa kwa usahihi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kung'ata na kukojoa ovyo kuliko wenye makucha.

Kung'ata na kukojoa si visasi, kama wengine wanavyodhani. Paka akifukua mchanga kwa vidole vinavyouma, anajifunza kwamba sanduku linaumiza, anatafuta zulia au kitanda. Akitishwa na kukosa ukucha wa kuonya, hatua inayofuata ni jino. Mtu aliyemwondolea paka makucha ili kulinda samani na watoto anaweza kuishia na mkojo kwenye godoro na jeraha la meno mkononi mwa mtoto. Na jeraha la meno ni baya kuliko mkwaruzo: jino la paka ni jembamba na refu, linapandikiza bakteria chini kabisa, mara nyingi Pasteurella multocida, kisha tundu la juu linajifunga. Mkono huweza kuvimba ndani ya saa 24.

Hoja mbili zisizopuuzwa

Ya kwanza ni ya afya. Kuna mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwingine amepandikizwa kiungo, mwingine anaishi na virusi vya UKIMWI na kinga yake imeshuka. Daktari wake anamwambia mkwaruzo wa paka ni hatari, na si uongo. Ugonjwa wa mkwaruzo wa paka huletwa na bakteria Bartonella henselae, na kwa mwenye kinga dhaifu unaweza kuwa mzito. Lakini fuata njia ambayo bakteria huyo hupitia: anaishi kwenye damu ya paka, viroboto humsambaza kutoka paka hadi paka, kinyesi cha viroboto hunasa kwenye makucha na meno, ndipo huingia kwenye ngozi ya mtu iliyochubuka. Silaha ya kwanza basi ni dawa ya viroboto mwaka mzima. Miongozo ya kitabibu ya Marekani kwa watu wanaoishi na VVU kwa kawaida haishauri kumwondoa paka makucha. Inashauri kuchagua paka mwenye afya aliyezidi mwaka mmoja, kudhibiti viroboto, kuepuka michezo ya kukwaruzana, kuosha mkwaruzo mara moja na kutomwacha paka alambe kidonda. Paka mdogo ndiye mwenye hatari zaidi, kwa hiyo umri wa mnyama unastahili kufikiriwa kabla ya makucha yake.

Kwa mtu mwenye damu isiyoganda upesi, mkwaruzo wowote ni tatizo, na hapo huruma yangu iko kwake. Kucha zilizokatwa kila baada ya wiki mbili na kuvikwa vifuniko vya plastiki hupunguza hatari hiyo sana. Paka asiye na makucha anayeng'ata haipunguzi.

Hoja ya pili ndiyo iliyowagawa madaktari kwa dhati: bora paka bila makucha kuliko paka bila nyumba. Wanaoitoa si wakatili. Wamewaona wateja waliosema, "Mfanye, au nimpeleke makazi ya wanyama," na makazi hayo, yanayopokea wanyama waliotelekezwa, yakijaa huua. Nguvu ya hoja hii inategemea jambo linaloweza kupimwa, yaani kama kupiga marufuku upasuaji kunaongeza paka wanaotelekezwa. British Columbia, huko Kanada, ilipiga marufuku 2018, na utafiti uliochapishwa 2022 ukalinganisha miaka mitatu kabla na miaka mitatu baada katika mtandao wa makazi ya wanyama ya jimbo hilo. Paka waliosalimishwa kwa sababu ya uharibifu wa vitu hawakuongezeka, na waliouawa hawakuongezeka. Ukikumbuka pia kwamba kukojoa nje ya sanduku ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kumwacha paka, hoja hii inaanza kugeuka dhidi ya wenyewe.

Sheria zilivyotangulia na kufuatana

Ugomvi huu ni wa Amerika Kaskazini zaidi kuliko mahali pengine. Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani, uliotiwa saini Strasbourg Novemba 1987, ulikataza kuondoa makucha katika kifungu kilekile kinachokataza kukata mikia na masikio kwa urembo, kukata sauti na kung'oa meno. Daktari anaruhusiwa tu akiona kuna sababu ya kitabibu au faida kwa mnyama mwenyewe. Uingereza inauzuia upasuaji huu kupitia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006. Israeli ilipitisha sheria kali 2011, yenye kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya shekeli 75,000.

Marekani ilianza na mji mmoja: West Hollywood, California, 2003. Chama cha madaktari wa wanyama cha jimbo kikaenda mahakamani kikidai mji hauna mamlaka ya kuingilia taaluma iliyopewa leseni na jimbo, na 2007 mahakama ya rufaa ikaupa mji ushindi. Kikafuata kinyang'anyiro ambacho hueleza vizuri jinsi sheria zinavyozaliwa. Jimbo lilipitisha sheria ya kuzuia miji kuweka marufuku za namna hiyo kuanzia 1 Januari 2010, na katika miezi ya mwisho ya 2009 miji kadhaa, ikiwemo Los Angeles, San Francisco na Berkeley, ikakimbilia kupitisha yake kabla mlango haujafungwa. New York ikawa jimbo la kwanza zima Julai 2019, kwa faini ya hadi dola 1,000. Maryland ikafuata 2022, Virginia 2024, Massachusetts 2025.

Kanada ilipita njia tofauti, na kwa maoni yangu yenye heshima zaidi kwa taaluma. Chama cha taifa cha madaktari wa wanyama kilitangaza kuupinga upasuaji Machi 2017, kisha vyombo vya leseni vya majimbo vikaupiga marufuku kimoja baada ya kingine kama suala la maadili ya kazi, Nova Scotia ikitangulia. Daktari anayekiuka anajibu kwa wenzake.

AVMA ya Marekani imebaki katikati. Tangu 2020 tamko lake linakatisha tamaa upasuaji usio na sababu ya kitabibu, lakini linaacha uamuzi kwa daktari. Chama cha madaktari wa paka cha nchi hiyohiyo kilishasema 2017 kwamba kinaupinga vikali. Chama cha madaktari cha jimbo la New York nacho kilipinga muswada wa 2019 kwa kuhofia wanasiasa kuamua kinachofanyika chumba cha upasuaji. Hofu hiyo inaeleweka, ila ingekuwa na nguvu zaidi kama taaluma ingekuwa imeshajiwekea mpaka yenyewe.

Sheria zote hizi huacha nafasi kwa ugonjwa: uvimbe kwenye kidole, mfupa ulioambukizwa, kidole kilichopondeka. Hapo hukatwa kidole kinachoumwa tu. Na hapa kuna jambo ambalo mwenye paka mzee anapaswa kulijua: saratani ya mapafu ya paka ina tabia ya kuruka hadi vidoleni, na kidole kilichovimba kinaweza kuwa dalili yake ya kwanza. Kabla ya kukata, omba picha ya kifua.

Kinachofanya kazi badala yake

Nguzo ya kukwaruzia hushindwa kwa sababu tatu zinazojirudia: ni fupi, inayumba, au imefichwa. Paka anataka kujinyoosha mwili mzima, kwa hiyo nguzo iwe na urefu wa sentimita 90 au zaidi. Iwe na kitako kizito. Ikitikisika mara moja tu, hatairudia. Izungushiwe kamba ya katani, nyuzi zikiwa zimebana. Isimamishe mbele ya kona ileile ya sofa anayoikwaruza, au karibu na anapolala, kwa sababu paka hujinyoosha akiamka tu. Sofa lenyewe libandike utepe wa kunata pande mbili. Akigusa nguzo, mpe kitu kitamu papo hapo. Baada ya wiki kadhaa za kuizoea, isogeze sentimita chache kwa siku hadi unapoitaka. Wapo paka wanaokwaruza kwa kulala chini, na hao wanataka kadibodi iliyolazwa sakafuni. Angalia alama zao kwenye zulia utajua.

Kukata kucha kunahitaji dakika chache kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Bonyeza kidole kama ilivyoelezwa juu, ukucha uchomoze. Utaona sehemu ya waridi ndani yake: hapo kuna mshipa wa damu na wa fahamu. Kata milimita 2 mbele ya waridi hiyo, ncha kali tu. Meno ya mkasi yaje juu na chini ya ukucha, si ubavuni, la sivyo unapasuka. Ukikosea na damu ikatoka, chovya ncha kwenye wanga wa mahindi na ubane kwa dakika moja au mbili. Usisahau ukucha wa pembeni, wa kidole gumba cha mbele. Haugusi ardhi, hausuguliwi, na kwa paka mzee huzunguka mpaka ukachoma nyama. Siku ya kwanza kata kucha mbili, mpe zawadi, mwache aende. Ukishindana naye hadi zote 18 ziishe siku hiyo, hutamshika tena.

Vifuniko vya plastiki hubandikwa kwa gundi juu ya ukucha uliokatwa na hudondoka vyenyewe pamoja na ganda la nje baada ya wiki 4 hadi 6. Kipimo kikiwa kidogo, kinabana na kuumiza. Kikiwa kikubwa, kinatoka siku hiyohiyo. Gundi ikizidi hugandisha manyoya na kukera ngozi. Ni vya paka wa ndani, maana anayetoka nje anahitaji kupanda na kujitetea.

Kwa paka ambaye tayari amekatwa

Makazi ya wanyama huko Amerika Kaskazini bado yamejaa paka hawa, na anayemchukua mmoja hufika kwa daktari akilalamika kuhusu mkojo. Anza na miguu. Omba picha ya eksirei ya kila mguu uliofanyiwa upasuaji, ikipigwa kwa ubavu na vidole vikiwa vimetenganishwa, ili mabaki madogo yasifichwe na kidole cha jirani. Yakionekana mabaki, upasuaji wa kuyatoa upo, na humpunguzia paka maumivu aliyoyabeba kwa miaka. Mgongo na viwiko vichunguzwe pia. Maumivu ya muda mrefu yana dawa zake, lakini daktari ndiye atoe: parasetamoli, hata kidonge kimoja, huua paka.

Sandukuni weka mchanga laini usio na chembe kubwa wala harufu, wa kina cha kutosha ili vidole visikwaruze plastiki, na upande mmoja uwe mfupi aingie bila kuruka. Kama bado anakwepa, jaribu karatasi iliyokatwakatwa kwa wiki mbili. Panapokuwa na kabati au dirisha alilokuwa akirukia, weka ngazi au kiti cha kati. Asitoke nje peke yake. Nguzo ya kukwaruzia pia mwekee, kwa sababu paka asiye na makucha bado huiendea kila asubuhi, akainua miguu ya mbele na kuivuta chini, akijinyoosha na kuacha harufu yake. Kamba ngumu huenda ikamuumiza, hivyo mzungushie zulia laini.